Bolti ya Tatu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nimepita kuinama: nimelala chali
juu ya boksi la televisheni lililokunjuliwa,
na Volvo imeniinamia yenyewe, juu ya jeki na magogo mawili,
ikinidondoshea theluji iliyoyeyuka, tone kwa tone, jichoni.
Kemi, mwezi wa Machi, saa tatu usiku.
Ukaguzi ni Ijumaa. Leo Jumatano.

Bolti tatu zinashika shokapu.
Mbili zimetoka kwa manung'uniko tu.
Ya tatu haina tena sura ya bolti;
ni uvimbe wa kutu, kama andazi lililosahauliwa mafutani.

Nilianza na spana ya mdomo wazi
kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.
(Wengi huchagua hivyo, hata wachumba.)
Iliteleza, ikala ngozi ya vidole viwili.
Nikachukua soketi ya pembe kumi na mbili,
inang'aa, zawadi ya Krismasi:
ilizunguka tu pale juu, kama mgeni asiyejua mlango,
ikalamba na kona chache zilizosalia.

Ndipo Urho Niskala akabisha kwa kiatu,
mikono imejaa chupa ya kahawa na tochi.
Jirani. Miaka thelathini na mmoja
aliendesha lori la chumvi, hapa hadi Tornio,
akiinyunyizia barabara isigande.
Akachuchumaa, magoti yakilia kuliko gari. Akamulika.
“Kutu nzuri hii.”
“Ni yako,” nikamwambia. “Ni chumvi yako.”
“Bila chumvi yangu, Raili, usingekuwa na mikono ya kufungulia.”
Tukanyamaza.
Ni vigumu kugombana na mtu
wakati wote wawili mmesema kweli.

Nilikuwa nimeanza kuutazama mtungi wa gesi kwa tamaa.
“Moto hapana. Shokapu ina gesi tumboni, itakurushia mlango.”
Grenda akaisogeza kwa mguu mpaka ukutani.
Akapekua sanduku langu lote
akatoa brashi ya waya.
Brashi!
Nikasugua mpaka bega likasema basi,
mpaka nyuzi za bolti zikajitokeza, nyembamba, za kijivu.
Kisha mafuta mepesi. Kisha kahawa,
maana mafuta hayana miguu, yanatambaa,
na anayeyaharakisha anajichelewesha mwenyewe.

“Kumi na saba imeliwa. Chukua kumi na sita.
Pembe sita, sio kumi na mbili:
hiyo inashika mbavu, ile nyingine inashika kona.”
Nyundo sasa, ndiyo, nyundo:
nikaigonga soketi mpaka ikavaa kwa kubana,
kama kiatu cha mwaka jana.
Juu ya mpini nikavisha bomba la maji, mita nzima.

“Kaza,” akasema.
“Nifungue?”
“Kaza. Unywele mmoja.
Ipe kwanza inachotaka.”

Nikakaza. Nikarudi. Nikakaza.
Nikaegemea kwa uzito wa kila nilichokula tangu Jumapili.

Ikalia.
Kuna milio miwili, na yote nimeishi nayo.
Ule wa bolti kukatika ni mfupi, laini,
karibu wa upole,
kama mtu aliyekwisha kuamua zamani akakuficha.
Huu ulikuwa mrefu, wa makelele, wa malalamiko,
ukapanda hadi kwenye meno.
Sijawahi kusikia ugomvi mtamu hivyo.

Ilinidondokea kiganjani ina joto,
nusu ya nyuzi zake vumbi jekundu.
Urho akaiomba. Hakusema ya nini.
Akaitia mfukoni mwa koti, akafunga kifungo.

Nje lori jipya likapita taratibu,
taa ya njano ikizunguka juu ya theluji,
na chumvi ikagonga mlango wetu wa bati
kama mchele unaopepetwa kwenye ungo.
Aliisikiliza mpaka ikaisha.
“Anamwaga nyingi mno huyu,” akasema,
akanipa tochi niishike mwenyewe.
Bado upande wa kulia.